Mkwe Ameng'arisha Hedi, Alama Yangu Haipo

Mpendwa mshauri, nisaidie upesi kabla sijamwapisha mtu asiye na kosa, au kabla sijamwoza binti yangu kwa mwizi, maana moja kati ya hayo mawili litatokea Jumamosi sebuleni kwangu na mimi ndiye niliyelikoroga, nimeomba mpaka magoti yamechubuka na jibu sijapata, labda Mungu ameamua kunijibu kupitia safu yako, kwa kuwa naisoma kila wiki.

Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma na kuandika najua. Mume wangu ana pikapu ya zamani anayosambazia mikate ya bekari, na mimi ndiye ninayepanga kreti nyuma na kuzifunika turubai, kwa hiyo hilo gari nalijua kama ninavyowajua wanangu, likikohoa najua na likinuna najua. Ndilo linalotulisha, hatuna shamba wala duka. Njia yetu ya mikate ina kilima kimoja kirefu, kile cha kupanda kwenye tangi la maji, na huko juu ndiko iliko shule ya bweni inayochukua mikate mingi kuliko maduka yote ya bondeni, na kwa muda mrefu pikapu ilikuwa ikifika katikati ya kilima inatembea kama mgonjwa anayesindikizwa chooni, lakini ilikuwa inafika.

Binti yangu wa kwanza amechumbiwa na fundi wa magari. Gereji nzima wanamwita Msasa, kwa sababu akiona chuma kina kutu mkono unamwasha mpaka akisugue, hata siku ya kwanza alipokuja kusalimia alinisugulia sufuria zangu zote hadi nikawa najiona uso, na siku hiyo nilimpenda. Ni kijana mpole, anasali, hanywi, na akiongea na mimi anainamisha macho, jambo ambalo mwanzoni nililiita heshima na sasa sijui niliite nini.

Siku moja ya mapumziko Msasa alipanda na mume wangu kwenye kile kilima, gari tupu, akaisikiliza injini njia nzima, na waliporudi akasema dawa ipo. Walikaa sebuleni, mimi nilikuwa naingia na kutoka na chai, kwa hiyo maneno niliyapata vipande vipande. Alisema ile hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, haipumui vizuri, ni kama mtu mwenye mafua, na yeye ataifungua, ataipanua na kuing'arisha. Hapo kwenye kung'arisha ndipo nilipoelewa, nikaona sufuria zangu. Akamwambia mume wangu, "Baba, nikimaliza utakipanda kile kilima huku unapiga mluzi." Mume wangu ni mtu wa kuamini, ukimwambia mvua itanyesha chumbani anatafuta mwavuli, akakubali palepale.

Sasa mshauri, mimi ni mtoto wa dereva. Marehemu baba yangu aliendesha lori maisha yake yote, na alikuwa akituambia fundi usimwachie gari bila alama, akikuona umekaa kwa imani atakuvua kizima akuvalishe kibovu, na hiyo alama usiiweke nje, ya nje mwizi anaiona na anaifuta, iweke ndani, mahali ambapo hata yeye hapiti. Maneno hayo niliyabeba tangu utoto na sikuwahi kupata pa kuyatumia.

Siku hedi ilipofunguliwa niliwapelekea chakula gereji. Ilikuwa mezani imefunikwa gunia, Msasa na mume wangu wakaenda bombani kunawa mikono. Nikatoa kwenye mkoba wangu msumari wa zege, nikachukua nyundo iliyokuwa palepale, nikafunua gunia na kugonga vitone vitatu ndani kidogo ya mdomo wa tundu la kwanza kati ya yale yaliyojipanga ubavuni mwa hedi, ile aluminiamu ni laini, msumari ulizama kama kwenye sabuni ya kufulia. Nikafunika. Waliporudi nikawapakulia, nikawatazama wakila, nikawaongezea mchuzi. Moyoni nilijiambia kuwa Mungu anaona kila kitu, lakini kwenye hii gereji acha nimsaidie kidogo.

Hedi ilikaa kwa Msasa siku kadhaa, na siku ya kuifunga nikajipa safari ya kwenda kuangalia. Kwanza nilishangaa kuwa haikung'arishwa, nje ni nyeusi vilevile, mafuta yaliyoganda pembeni ni yaleyale, hata lile doa la rangi ya bluu lililodondoka mwaka ule mume wangu alipopaka mbao za banda huku boneti iko wazi limeganda vilevile chini ya bomba la maji ya kupoza injini kama chozi, sasa nikamuuliza Msasa, baba, hii ndiyo kazi tuliyoambiwa? Akacheka, akasema, "Mama, uzuri uko ndani."

Nikawasha tochi ya simu. Ndani ya matundu kweli kunang'aa, kama kijiko kipya. Lakini vitone vyangu havipo. Nikachungulia tundu la kwanza, la pili, yote, nikasema labda nimegeuza upande, nikazunguka nikaanza upya. Havipo. Msasa akaniuliza natafuta nini, nikamwambia pete yangu naona imelegea isije ikaingia humo, akanishukuru kwa uangalifu. Akanishukuru, mshauri. Nikasema moyoni huyu mtoto ama ni malaika ama ni fundi kwelikweli wa mambo haya.

Nikajumlisha. Ile siyo hedi yetu. Yetu ameiuza, akaokota nyingine kwenye vyuma chakavu, akaisugua ndani ili tuone ametoka jasho. Na ukishaanza kumshuku mtu, hata akipiga chafya unajiuliza anamwashiria nani. Wiki ileile alikuja nyumbani na viatu vipya vya ngozi. Simu yake ikilia anatoka nje kuongea. Nilimuuliza kwa utani kama hedi zetu ni za bei, akasema inategemea na anayeihitaji, halafu akabadilisha mazungumzo akaanza kusifu chai.

Na gari lenyewe likatoa ushahidi. Likiwa limesimama, ukilikanyagia mafuta linanguruma hadi majirani wanachungulia, na kwenye tambarare linakimbia hata kreti zinalia. Lakini mzigo ukiwa nyuma na kilima kiko mbele limekuwa zito kuliko lilipokuwa gonjwa, likifika katikati pumzi inakata, mume wangu anarudi mpaka gia ya kwanza, na petroli linakunywa kama limetoka jangwani. Juzi lilikataa kabisa, ikabidi nusu ya kreti zishushwe kando ya barabara na kurudiwa, mikate ikafika wasichana wa shule wameshakunywa chai kavu. Matroni alimwambia mume wangu kwa upole kwamba ikitokea tena atamtafuta mtu mwingine, na upole wa matroni yule naujua, ni ule wa daktari anapoomba ndugu wabaki nyuma kidogo.

Nikaenda kwenye maduka ya vyuma chakavu nikijifanya natafuta mlango wa gari. Nikamuuliza mwenye duka kama kuna fundi kijana aliyemletea hedi ya pikapu kama yetu. Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. "Mama," akasema, "hedi zinaingia hapa na kutoka, siziulizi zimezaliwa wapi." Na huku ananijibu mkono wake mwingine ulikuwa unavuta turubai kufunika kitu. Sikukiona. Lakini kwa nini akifunike?

Mzigo ukanishinda nikamwambia wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, lakini habari ya msumari sikumwambia, nilimwambia tu kuwa nina uhakika hedi siyo yetu. Wifi akanishika mkono akasema nisigombe na mtu, tufanye mambo kwa imani. Jumamosi upande wa Msasa wanakuja kupanga siku ya harusi, basi kabla hakijazungumzwa kitu tuweke Kitabu mezani, kijana asimame mbele ya wazee wetu wa ibada aape kwamba hedi iliyo ndani ya pikapu ndiyo ileile aliyoifungua. Kama ni msafi atapoteza nini? Nikaona ni neno la hekima. Nikaitikia. Kumbe wakati naitikia wifi alikuwa ameshawaambia wazee wawili, na wao wamekubali kuja, na sasa hata nikitaka kurudi nyuma sijui nirudi na maneno gani.

Mume wangu alipoambiwa habari ya kiapo aliweka kijiko chini. Alisema, "Mke wangu, kijana akiapishwa Jumamosi, Jumatatu mji mzima unajua. Nani atamwachia gari tena?" Hakumaliza chakula. Tangu hapo ananiitikia lakini haniongeleshi.

Binti yangu ndiye aliyenimaliza. Tulikuwa tunamenya viazi, ameinama, kisu kinaenda, hakuinua sauti wala uso. Akasema, "Mama, siku utakayompa kile Kitabu mkononi, aape asiape, mimi naondoka naye." Akaendelea kumenya. Viazi vyenyewe alivimenya vyembamba mno hata maganda yalikuwa yanapitisha mwanga, na mimi nikabaki naangalia maganda.

Mshauri, naomba uniambie mambo mawili. Hii kazi ya kupanua na kung'arisha hedi ni kazi ya kweli yenye faida, au ni njia ya mafundi kuwazuga wenye magari? Na Jumamosi nimwapishe, au nimeze shuku zangu nimkabidhi mwanangu kwa mtu ambaye kila nikimwangalia naona vitone vitatu ambavyo havipo? Habari ya msumari hakuna anayeijua isipokuwa Mungu na wewe. Jina langu usiliandike.

Ni mimi mwenye mashaka,
Mama wa Mikate

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Mikate, pole. Nimeanza na pole kwa sababu mistari michache ijayo haitakuwa na huruma, na sitaki ufikiri sijui ulivyochoka.

Twende kwenye msumari. Mafuta na kutu vya nje havizuii injini kupumua, kwa hiyo hakuna fundi anayeifungua hedi ili aing'arishe nje kama sufuria. Kazi yenyewe iko ndani ya yale matundu. Fundi anaingiza jiwe dogo la kusagia linalozunguka kwa umeme, anakwangua kuta, anazipanua kidogo, kisha anazipitishia msasa hadi ziteleze. Wewe ulimpa kijana kazi ya kukwangua ukuta, ukaenda kuchora alama yako juu ya ukuta huohuo, na sasa unaniuliza nani kaifuta. Kaifuta yeye, ndiyo. Ndicho alichoombwa. Vitone vyako vingekuwepo bado, hapo ndipo ningekuambia umeibiwa, maana kazi isingekuwa imefanyika. Marehemu baba yako alikupa ushauri mzuri wa lori, lakini alisema ndani, mahali ambapo fundi hapiti. Wewe umechagua mahali pekee ambapo fundi huyu alikuwa anapita kutwa nzima.

Utasema, sawa, lakini bado huenda kaibadilisha. Vizuri, wewe ni mtu wa ushahidi, na mimi pia ni mtu wa kushuku, ndiyo maana barua yako nimeisoma mara tatu. Ichukue nakala yako uisome pale unapolalamika kuwa nje haikung'arishwa. Umeandika kwa mkono wako kwamba doa la rangi ya bluu, lililodondoka siku mumeo alipopaka banda, bado limeganda chini ya bomba la maji kama chozi. Mama, doa la banda lako limefikaje kwenye hedi ya vyuma chakavu? Au Msasa alikwenda dukani kutafuta hedi iliyolia machozi ya bluu mahali palepale? Ulikuwa umeinama na tochi ndani ya tundu unatafuta alama uliyoiweka wewe, na ile iliyowekwa na mumeo bila kujua ilikuwa inakutazama usoni. Baba yako alisema ya nje mwizi huifuta. Hii haikufutwa. Fanya hesabu hiyo mwenyewe.

Viatu vipya: kijana anakuja kwenu kuposa, ulitaka avae ndala zenye grisi? Simu anaongelea nje kwa sababu mama mkwe mwenye masikio kama yako yuko ndani. Na yule mwenye duka la vyuma chakavu, sijui alifunika nini na wala sitamtetea, lakini mtu anayemuuliza maswali ya namna ile mara nyingi huwa anafuatiwa na askari.

Sasa swali lako la kwanza, maana ni la haki na linamhusu kila msomaji mwenye gari kuukuu. Mimi siyo fundi. Nilikwenda kuuliza watu wawili ambao hawajuani, mmoja ana karakana ya kusaga hedi na mwingine anatengeneza magari ya mashindano, sikuwatajia mtu. Yule wa mashindano alisema kazi hiyo ni ya kweli na ina faida kubwa, kwa injini inayozungushwa kwa kasi muda wote. Yule wa karakana alisema ni ya kweli pia, na kwa gari la mizigo ni hasara. Wote wawili wako sawa, na hapo ndipo pikapu yenu ilipoumia.

Chukua bomba la kumwagilia bustani. Ukibana mdomo wake kwa kidole, maji yanaruka mbali. Ukiachia wazi, yanatoka mengi lakini yanakudondokea miguuni, mpaka ufungue koki yote. Hedi ni hivyohivyo. Matundu yakipanuliwa, injini ikienda mbio inavuta hewa nyingi na kunguruma, ndiyo unavyoisikia kwenye tambarare. Lakini kwenye kilima, na kreti nyuma, injini inazunguka taratibu, hewa inaingia kwa uvivu, na nguvu ya kuvuta inapotea. Na kule kung'arisha kama kijiko nako kuna mpaka wake. Ukimwaga tone la maji kwenye sahani inayoteleza linajikusanya na kukaa. Petroli kwenye gari la zamani kama lenu, ambalo kabureta ndiyo inayoichanganya na hewa, hufanya vivyo hivyo ukutani, badala ya kwenda na hewa kama ukungu. Yule wa karakana aliniambia kwamba kwa gari kama lenu yeye angeondoa vinundu vya kiwandani tu, angelinganisha matundu na gasketi, ule utando unaoziba maungio, yasiachiane, angesaga valvu, vile vifuniko vinavyofungua na kufunga matundu, zikalie vizuri, basi. Tena anashuku kwamba ugonjwa wa kwanza kabisa ulikuwa wa valvu, na valvu mkwe wako labda hakuzigusa kwa sababu valvu hazing'ai.

Kwa hiyo Msasa si mwizi, lakini si kwamba hana kosa, na nitamsema hapa ili naye akisoma ajue. Alikwenda kuisikiliza injini siku ambayo gari ni tupu. Mgonjwa wa kilima na mzigo, anampimaje kitandani amelala? Kijana anapenda kusugua, akakuta kitu cha kusugua, hakuuliza gari linafanya kazi gani. Fundi anayependa kifaa chake kuliko shida ya mwenye gari atakuharibia kwa mikono misafi kabisa. Hilo ndilo la kumwambia, na anaweza kulisikia, kwa sababu ni kweli.

Kiapo sasa. Mama, kiapo si spana, hukitumii kulegeza nati iliyokushinda mkono. Wewe ni mtu wa sala, unataka Mwenyezi Mungu aitwe sebuleni kutoa ushahidi wa tundu la hewa, wakati doa la rangi limeshautoa bure? Mumeo kakuambia ukweli kwa sentensi mbili: fundi aliyeapishwa ni fundi aliyeshukiwa, na watu hawaulizi kiapo kiliishaje. Na binti yako hakukutisha. Alikuambia mapema ili upate nafasi ya kugeuka, na hiyo ni heshima kubwa kuliko kuinamisha macho.

Unaniambia huna maneno ya kurudi nayo kwa wale wazee. Ninayo mimi. Utakwenda mwenyewe, miguu yako, kabla ya Jumamosi, useme, "Niliharakisha, nimethibitisha, hedi ni yetu, kiapo hakipo." Hulazimiki kueleza zaidi ya hapo. Wakikuuliza umethibitishaje, waambie umefungua boneti na kutumia macho, na hakikisha kabla ya kwenda umeifungua kweli, mumeo akiwa pembeni yako, na kidole chako kiguse lile doa. Wifi yako mwambie vilevile, kwa salamu nzuri na mlango uliofungwa nusu. Aliyekimbilia kuwaambia wazee kabla hujamaliza kuitikia hakuwa na haraka ya imani, na mzigo mwingine usimpelekee.

Mumeo mwambie habari ya msumari leo. Usingoje aje aisome hapa, maana watu wenye pikapu ya mikate, banda la bluu na mkwe anayesugua sufuria si wengi, na mimi nimeficha jina lako tu, mengine umeyamwaga mwenyewe. Atakasirika, halafu atacheka, kwa sababu mtu anayetafuta mwavuli chumbani hakasiriki muda mrefu. Msasa naye ayasikie kutoka kinywani mwako, si kwa majirani, tena uyaseme unampa chai. Mwambie uliweka alama, mwambie alivyoifuta, na muombe radhi kwa ile hedi na kwa ile pete. Kama ana akili ya kuoa, atakuambia pole mama. Kama atakuja juu na kukuvunjia heshima, hapo utakuwa umejua kitu juu yake ambacho hakuna kiapo kingekuonyesha.

Mwanzoni mwa barua uliniambia gari hilo ndilo linalowalisha, na matroni wa kule kilimani ameshaonya, kwa hiyo ukimaliza radhi usikae kimya ukidhani heshima ni kuacha gari libaki bovu. Mwambie mkwe wako waziwazi kwamba kazi aliyoifanya ni nzuri kwa gari lisilo lenu. Ukuta uliokwanguliwa haurudi. Atafute hedi kama hiyo ambayo haijaguswa, asage valvu tu, aweke gasketi mpya, arekebishe kabureta, kisha apande kile kilima mwenyewe na kreti zimejaa, na wewe umekaa mbele. Hiyo iliyong'arishwa vijana wa mashindano wataigombania, wanaweza hata kubadilishana naye.

Naam, Mama wa Mikate, umenisikia vizuri. Mwache abadilishe hedi. Abadilishe mchana kweupe, boneti wazi, binti yako anawaletea chai na wewe umemshikia tochi. Msumari uache nyumbani.